Johannes Kepler: Aliyetafuta Mpango Katikati ya Vurugu

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Mimi naiheshimu methali hiyo, maana hata kwenye insha zetu twaitumia mpaka mwalimu anachoka. Lakini mwaka huu nimesoma maisha ya mtu ambaye asubuhi yake haikuonyesha nyota yoyote, ila mawingu matupu, na hata hivyo ndiye aliyekuja kuwafundisha walimwengu jinsi sayari zinavyokwenda. Mtu huyo ni Johannes Kepler. Walimu wetu wapendwa na wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, naomba mniazime macho yenu kwa dakika chache niwasimulie habari zake.

Kwanza niseme kwa nini nimemchagua yeye. Darasani kwetu ukitaja mwanasayansi, watu hufikiria mtu aliyekaa katika maabara safi, kimya, ana vyombo vyake na mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Kepler hakuwa hivyo hata kidogo. Alifanya hesabu zake huku akifukuzwa mji huu na ule, huku akizika watoto, huku vita vikipiganwa na mama yake amefungwa minyororo. Na katika hayo yote alikuwa na wazo moja lililomkaa kichwani kama msumari: kwamba ulimwengu una mpango, na mwanadamu akitumia akili yake anaweza kuusoma.

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, ambao leo uko Ujerumani. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa, leo yuko kesho hayuko, akifuata vita popote penye malipo. Kepler alipokuwa kijana wa umri kama wetu hivi, baba huyo aliondoka na hakurudi tena. Mama yake, Katharina, alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni, na alijua mambo ya miti shamba. Tafadhali lishikeni hilo la miti shamba, maana litarudi baadaye kwa ubaya. Kama kwamba hayo hayatoshi, Kepler alishikwa na ndui akiwa bado mtoto. Alipona, lakini ugonjwa ulimharibia macho na kumlemaza mikono. Hebu fikirieni, jamani! Mtu aliyekuja kuwa bingwa wa mambo ya nyota hakuwa akiziona vizuri.

Mwaka wa 1577, akiwa na miaka sita tu, mama yake alimpeleka mahali pa juu kumwonyesha nyota kubwa yenye mkia iliyotokea angani. Alipokuwa na miaka tisa akaona kupatwa kwa mwezi. Mambo hayo mawili hakuyasahau maishani.

Alikuwa mwerevu, kwa hiyo alipata ufadhili wa masomo, na mwaka wa 1589 akaingia Chuo Kikuu cha Tübingen. Nia yake ilikuwa awe mchungaji wa kanisa la Kilutheri. Huko mwalimu wake wa hisabati, Michael Mästlin, alimfunulia mafundisho ya Copernicus, aliyekuwa ameandika mwaka wa 1543 kwamba Jua haliizunguki Dunia, bali Dunia ndiyo inayolizunguka Jua pamoja na sayari nyingine. Wakati huo watu wengi waliona hayo ni maneno ya mtu aliyerukwa na akili. Kepler aliyapenda papo hapo, kwa sababu aliyaona yana mpango.

Mwaka wa 1594, kabla hajamaliza masomo ya uchungaji, alitumwa mji wa Graz akafundishe hisabati. Hapa walimu wetu wasicheke: mwaka wa kwanza alipata wanafunzi wachache, na mwaka wa pili hakupata hata mmoja! Lakini ni katika darasa la Graz, tarehe 19 Julai 1595, akichora maumbo ubaoni, ndipo wazo lilipomjia kama radi. Siku hizo sayari zilizojulikana zilikuwa sita: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kepler alijiuliza, kwa nini sita? Kwa nini zisiwe kumi au mia? Akakumbuka kwamba katika jometri kuna maumbo matano tu ya mango ambayo nyuso zake zote zinalingana, mchemraba ukiwa mmojawapo. Sayari sita zina nafasi tano katikati yake, na maumbo ni matano. Basi akasema moyoni, Muumba aliyapanga maumbo haya moja ndani ya jingine, na sayari zikapata nafasi zake humo. Mwaka uliofuata akaandika kitabu juu ya wazo hilo, na likamfanya ajulikane.

Wenzangu, wazo hilo lilikuwa zuri ajabu. Tatizo ni moja tu: halikuwa kweli. Leo twajua kuna sayari nyingine ambazo Kepler hakuziona, na maumbo yale hayahusiki kabisa. Nimelitaja makusudi kwa sababu hapa ndipo ninapoona hatari ya kupenda mpango kupita kiasi. Mtu anayetaka kila kitu kiwe sawasawa aweza kuulazimisha ulimwengu uvae nguo aliyoishona yeye. Kepler angeweza kubaki hapo, akalinda wazo lake mpaka kufa, na leo hakuna ambaye angemkumbuka.

Kilichomwokoa ni mtu mwingine. Naye ni Tycho Brahe, bwana mmoja wa ukoo mkubwa wa Denmaki, ambaye katika ujana wake alikatwa sehemu ya pua kwa upanga na akawa anavaa pua ya bandia ya madini. Tycho alikuwa amepima nafasi za nyota na sayari kwa miaka mingi, tena kabla darubini haijatumika, na vipimo vyake vilishinda vya watu wote waliomtangulia. Alikuwa na hazina, lakini alihitaji mtu wa kuihesabu. Kepler alikuwa na hesabu, lakini hakuwa na vipimo. Mwaka wa 1600 wakuu wa Graz walimfukuza Kepler kwa sababu hakukubali kuiacha dini yake ya Kiprotestanti. Akaenda Prague kwa Tycho, akiwa na mke wake Barbara na binti yake wa kambo. Watoto wao wawili wa kwanza walikuwa wamekwisha kufa wakiwa wachanga.

Wawili hao hawakupatana sana. Tycho alikuwa mchoyo wa vipimo vyake, akavitoa kidogo kidogo kama mtu anayempimia mwenzake sukari kwa kijiko. Lakini tarehe 24 Oktoba 1601 Tycho alifariki, na Kepler akawekwa mahali pake kuwa mwanahisabati wa Kaisari Rudolf wa Pili. Cheo kilikuwa kikubwa. Mshahara, hata hivyo, ulikuwa wa kuahidiwa zaidi kuliko wa kulipwa.

Kazi aliyopewa Kepler ilikuwa sayari ya Mirihi, ambayo ilikuwa imewatoa jasho wataalamu wote. Kwa ujana wake akajigamba kwamba ataimaliza kwa siku nane. Ilimchukua karibu miaka mitano! Tangu zama za Wayunani wa kale watu waliamini kwamba vitu vya mbinguni huenda kwa duara, kwa maana duara ndilo umbo kamilifu. Kepler naye aliamini hivyo. Akapanga duara lake, akahesabu, likakataa. Akahesabu tena. Hesabu moja tu aliirudia mara 70, kwa mkono, bila kikokotoo, bila hata jedwali la logarithi, maana logarithi zilikuwa bado hazijatangazwa. Mwishowe akapata duara lililokubaliana na vipimo vya Tycho karibu kila mahali. Alipolijaribu na vipimo vingine, likakosea kwa dakika nane.

Nieleze dakika hizo, maana si za saa. Digrii moja ya pembe hugawanywa mara 60, na kila sehemu huitwa dakika. Mwezi mpevu unaouona angani una upana wa dakika kama 30. Kwa hiyo kosa lake lilikuwa kama robo ya upana wa mwezi. Ni kitu kidogo mno! Mtu mwingine angesema, aah, si hoja, labda Tycho alipima vibaya usiku huo. Lakini Kepler alimjua Tycho, na alijua kwamba vipimo vya yule mzee haviwezi kukosea kiasi hicho. Hapo akawa na njia mbili. Ama atupe dakika nane, abaki na duara lake na kazi ya miaka. Ama atupe duara, abaki na dakika nane na mikono mitupu.

Alitupa duara.

Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Huyu ni mtu aliyependa mpango kuliko chakula, naye akakubali kuuvunja mpango mzuri kuliko yote aliokuwa nao kwa sababu haukuwa wa kweli. Akaanza upya. Akajaribu umbo kama la yai, likakataa. Mwishowe, mwaka wa 1605, akatambua kwamba Mirihi huenda kwa njia ya duaradufu, yaani duara lililobonyezwa kidogo, na Jua halikai katikati kabisa bali upande mmoja, katika nukta inayoitwa fokasi. Tena alikuwa amekwisha kugundua kwamba sayari ikikaribia Jua huongeza mwendo, na ikienda mbali hupunguza. Ukichora mstari kutoka Jua hadi kwenye sayari, mstari huo hufagia maeneo sawa katika muda ulio sawa. Basi mpango ulikuwapo tangu mwanzo, ila haukuwa ule alioutaka yeye. Ulikuwa bora zaidi. Kitabu chenye habari hizo kilitoka mwaka wa 1609, baada ya kucheleweshwa na ukosefu wa fedha na ugomvi na warithi wa Tycho.

Sasa msidhani kwamba baada ya hapo alistarehe. Mwaka wa 1611 ulimwangukia kama nyumba mbovu. Mwanawe Friedrich, wa miaka sita, alikufa kwa ndui. Mke wake Barbara akafuata mwaka huo huo. Kaisari Rudolf akapokonywa mamlaka, na Prague ikajaa askari na vurugu. Na ni mwaka huo huo Kepler alitoa kijitabu kidogo juu ya theluji, akiuliza kwa nini kila chembe ya theluji ina pembe sita, wala si tano au saba. Theluji sisi twaiona juu ya Mlima Kenya kwa mbali tu, lakini swali lake naliona zuri sana. Mtu wa kawaida huiona theluji ikianguka ovyo. Yeye katika ule uovyo aliona sita, sita, sita.

Mwaka wa 1612 alihamia mji wa Linz. Akaoa mara ya pili mwaka wa 1613, baada ya kuwachunguza wachumba 11, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ni hesabu ya Mirihi. Hata wakati wa arusi hakupumzika. Aliona muuza mvinyo akipima pipa kwa kutumbukiza kijiti tu, akashuku kama kipimo hicho ni cha haki, na mwaka wa 1615 akatoa kitabu kizima juu ya ujazo wa mapipa!

Mwaka huo wa 1615 ndipo miti shamba iliporudi. Mwanamke mmoja wa mji wa Leonberg alidai kwamba mama yake Kepler alimpa kinywaji kilichomletea ugonjwa. Uvumi ukaenea, kila aliyeumwa mguu au kufiwa na ng'ombe akakumbuka kwamba bibi kizee yule aliwahi kupita karibu. Katika nchi hizo wakati huo wanawake wengi walichomwa moto kwa kusingiziwa uchawi. Agosti 1620, akiwa ajuza wa miaka 70 na zaidi, Katharina alikamatwa usiku, akatolewa nyumbani amefichwa ndani ya sanduku. Alifungwa miezi 14 kwa minyororo. Kepler aliacha kazi zake Linz, akasafiri kwenda kumtetea. Alitumia akili ile ile aliyoitumia kwa Mirihi: akachukua shtaka moja moja, akalipima, akaonyesha sababu ya kawaida ya ugonjwa huu na ule, na penye uvumi akauliza ushahidi uko wapi. Mama alipelekwa akaonyeshwa vyombo vya kutesea watu ili akiri. Hakukiri. Oktoba 1621 akaachiliwa huru, na Aprili 1622 akafa, lakini alikufa kitandani wala si motoni. Mimi kwangu huo ni ushindi usiopungua ule wa duaradufu. Hata hapa kwetu Kenya wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa hiyo jambo hili tusilione la Wazungu wa zamani tu.

Katikati ya kesi hiyo ndipo alipopata kanuni yake ya tatu. Februari 1618 alimzika binti yake mdogo, Katharina. Hakuweza kuendelea na majedwali yake ya kila siku, akageukia kutafuta uwiano wa mbingu. Tarehe 8 Machi 1618 wazo likamjia, akakosea kuhesabu, akalitupa. Tarehe 15 Mei likarudi, na safari hii hesabu ikakubali. Kanuni yenyewe ni hii: chukua muda ambao sayari hulizunguka Jua kwa miaka, uzidishe kwa wenyewe; chukua umbali wake kutoka kwenye Jua, ukihesabu wa Dunia kuwa 1, uutafutie kipeo cha tatu; majibu mawili yatalingana. Nilijaribu mwenyewe kwa Mshtarii. Umbali wake ni 5.2, kipeo cha tatu ni kama 140.6. Muda wake ni miaka 11.86, kipeo cha pili ni kama 140.7. Hebu jaribuni na Mirihi muone: umbali 1.524, muda 1.881. Mimi nilipoona namba zinakubaliana nilisisimka nywele. Siku nane tu baada ya tarehe hiyo ya 15 Mei, maofisa wa serikali walitupwa nje ya dirisha la kasri kule Prague, na vita vikaanza vilivyodumu miaka 30.

Bado alikuwa na deni kwa marehemu Tycho, yaani majedwali ya sayari yote kwa pamoja. Mwaka wa 1626 wakulima walioasi waliuzingira mji wa Linz, na kiwanda cha kupigia chapa kikateketea. Kepler akafungasha hesabu zake akaenda Ulm. Serikali ilikuwa ikidaiwa naye mishahara ya miaka mingi, akazunguka mji hadi mji akidai na kuambulia sehemu tu, akatumia fedha zake mwenyewe. Mwaka wa 1627 majedwali yakatoka, nakala 1,000. Miaka mitatu baadaye alipanda farasi kwenda Regensburg kufuata fedha alizokuwa akidai, akashikwa na homa, na tarehe 15 Novemba 1630 akafariki akiwa na miaka 58. Vita vikaharibu hata makaburi alimozikwa, na leo kaburi lake halijulikani liko wapi.

Wahenga husema mchumia juani hulia kivulini. Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia habari hizi aliniambia kwamba Kepler alichumia juani akafia juani, kwa hivyo alipata faida gani? Ni swali zuri, na sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiria, na jibu langu ni hili. Kepler alikuwa ametabiri kwamba Zebaki itapita mbele ya uso wa Jua tarehe 7 Novemba 1631. Siku hiyo kule Paris, Pierre Gassendi alitega darubini yake, na kweli kijidoa cheusi kikapita. Aliyetabiri alikuwa amekufa karibu mwaka mzima, lakini Zebaki haikujali, ilifuata hesabu. Mwaka wa 1687 Newton alizitumia kanuni za Kepler alipoeleza nguvu za uvutano. Mwaka wa 2009 Wamarekani walirusha darubini yenye jina la Kepler, na hadi ilipostaafu mwaka wa 2018 ilikuwa imegundua sayari zaidi ya 2,600 za nyota nyingine. Hata setilaiti yetu ya Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilikwenda kwa kanuni hizo hizo. Kivuli kipo, wenzangu. Ni sisi tuliokaa chini yake.

Sisi wanafunzi wa kutwa twajua vurugu ni nini. Unafungua kitabu, stima inapotea. Unawasha taa, mtoto analia. Mtoto ananyamaza, jirani anafungulia redio. Twasema tutasoma mambo yakitulia. Kepler angengoja mambo yatulie asingeandika hata ukurasa mmoja, maana hayakutulia. Basi mimi naona tusingoje. Na jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi: hesabu ikikataa kwa dakika nane, tusizifute kwa raba ili jibu lifanane na la nyuma ya kitabu. Labda ndizo zenye habari.

Mola awabariki nyote, na kwa watahiniwa wetu wa kidato cha nne, kila la heri.